Nafasi ya Tatu

Kimashine nilikinunua Segera, kupitia dirisha la basi, kwa kijana aliyebeba mayai ya kuchemsha mkono mmoja, na mkono wa pili chaja, miwani ya jua na vitu vingine ambavyo msafiri hukumbuka kuwa anavihitaji baada tu ya kuviona.

"Mzee, humu mna gemu mia nne," aliniambia.

"Sihitaji gemu mia nne."

"Cheza moja, zilizobaki mpelekee mjukuu."

"Sina mjukuu."

"Kwa mvi hizo, mzee?"

Abiria wa kiti cha nyuma walicheka. Nilikipokea ili nionekane nakikagua, nikabonyeza hapa na pale kama mtu anayechagua parachichi, na gemu ya tatu au ya nne kwenye orodha ikafunguka: mwendesha pikipiki mmoja ameinua gurudumu la mbele, nyuma yake vumbi la nukta nne. Sikuhitaji kusoma jina lake. Nililipa bila kupunguza bei, jambo lililomtia kijana yule mashaka. Alizigeuza noti mara mbili kabla ya kuachia dirisha.

Nimefundisha chuo kikuu zaidi ya miaka ishirini, na maswali ninayoyashughulikia hadharani ni ya kuheshimika. Faraghani nimekuwa na moja ambalo hakuna mfuko wa utafiti ambao ungeligharimia: katika gemu ile ya pikipiki, mtu anaweza kumaliza katika nafasi ya tatu bila kugusa kitufe cha kasi? Kama inawezekana, basi baba yangu aliniambia kweli asubuhi moja huko Handeni na mimi nikamwita mwongo. Kama haiwezekani, nilikuwa na haki ya kucheka. Kwa miaka yote hiyo niliomba, bila kusema, iwe haiwezekani.

Baba, Mzigua wa Handeni, alikuwa bwana mifugo. Kazi yake ilikuwa kuzungukia majosho ya ng'ombe kwenye nyika za Handeni, kupima dawa, kuchanja, na kubishana na wafugaji. Ofisi ilimpa pikipiki, naye aliiendesha kama mtu aliyejitwika ndoo ya maji. Kwenye mteremko aliachia mafuta kabisa, ikaserereka yenyewe, "ili serikali nayo ipumue," alivyokuwa akisema. Kila safari aliiandika kwenye daftari, na hakuwahi kuongeza hata kilomita moja, ingawa wenzake wote walikuwa na kilomita ambazo hakuna barabara iliyozijua. Wafugaji wa Kimasai walimtania kwamba ng'ombe wao hufika joshoni kabla yake, na ng'ombe walikuwa wametembea.

Kisha ikaja miaka ile ya soko huria. Milango iliyofunguliwa nchi nzima ilimkuta mama yuko upande wa kuingilia na baba upande wa kutokea. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa, na mama, mtu wa Kwashemshi aliyezoea kupanda milima na mzigo, alianza kufungua belo moja moja sokoni Korogwe. Baadaye akapanga nyumba Old Korogwe, karibu na mto, ili asilale njiani. Mwaka uliofuata baba akapunguzwa kazini. Aliiosha pikipiki, akaiendesha hadi ofisini, akaikabidhi pamoja na kofia yake, na akarudi kwa miguu, mikono nyuma, kama mtu anayetoka kuzika.

Mama alimtaka Korogwe. Meza yake ya mitumba ilikuwa imepanuka na alihitaji mtu wa kumwamini. Baba alijibu kwa barua yenye mstari mmoja: amechanja ng'ombe wa wilaya nzima, hawezi leo kukaa sokoni akipunga sidiria za Wazungu.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, yaani sikuwa na kazi wala udhuru. Mama akanituma.

"Nenda ukamlete baba yako," alisema. "Usiniletee maneno. Niletee mtu."

Akanipa na kimashine, si hiki, kile cha kwanza, kilichotoka kwenye mfuko wa koti la mtoto, ndani ya belo la makoti ya baridi ambayo Korogwe haina matumizi nayo. Kilikuwa kizito kama nusu mche wa sabuni, kina kioo cha rangi ya maji ya bwawa, na ndani yake gemu moja tu, ile ya pikipiki. Mama alifikiri kitanifariji kwa safari. Mimi nilifikiri ni chambo.

Handeni nilimkuta baba ameketi kwenye kigoda barazani, akitazama pale ilipokuwa ikiegeshwa pikipiki. Sakafu ilikuwa bado na doa la oili. Alikuwa akifagia pembeni mwake tu, hapiti juu yake.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako amekutuma."

"Nimekuja kusalimia."

"Na begi la wiki tatu?"

Siku mbili za kwanza hatukuwa na la kuzungumza. Nyumba iliyokuwa na watu watatu ilikuwa na wawili wanaokwepana, na mlio wa bati likipata jua. Siku ya tatu nilikaa dirishani na kimashine. Kile hakikuwa na taa ndani, ilibidi ukielekeze kwenye mwanga ili uone kitu, kwa hiyo baba hakuwa na namna ya kutokuniona. Alipita mara moja, akapita tena, akasimama nyuma yangu.

"Hiyo ni pikipiki?"

"Ni pikipiki, baba."

"Mbona huyo anaruka? Barabara imekatika?"

Nilimpisha. Nikamwonyesha vitufe.

"Na hiki cha pili?"

"Cha kasi. Ukikibonyeza unakwenda mbio, lakini injini inapata moto. Huo mstari hapo chini ukijaa, inazima, unakaa pembeni mpaka ipoe."

"Na aliyeitengeneza alijua hivyo?"

"Alijua."

"Halafu akakiweka." Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kitaalamu. "Hicho ni cha kuua injini. Mimi sikigusi."

Na hakukigusa. Waendeshaji walikuwa wanane, na watatu wa kwanza walipewa kikombe kilichochorwa kwa nukta chache. Baba alimaliza wa nane, na siku alizoamka vizuri alimaliza wa saba. Alipanda kilima kwa utaratibu, na kwenye mteremko alikuwa akiondoa kidole kwenye kitufe. Mwenzake akija nyuma, alimpisha.

"Baba, usimpishe!"

"Ana haraka. Huyo atakuwa mkurugenzi."

"Ni mashindano haya!"

"Mashindano ni yao. Mimi nimetoka nyumbani, nakwenda joshoni."

Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza. Tulicheza kwa zamu tangu jua linapoingia dirishani hadi linapohamia upande wa choo, na tulizungumza tukitazama kioo, kwa sababu macho yalikuwa na pa kwenda. Aliniambia ni josho lipi lilikuwa na chui. Aliniambia siku aliyoirudisha pikipiki, karani alimpa karatasi ya kutia sahihi iliyoandikwa "hali ya chombo", na yeye akaandika "nzuri sana", na karani akamwambia nafasi ni ndogo, aandike "nzuri" tu.

Betri zilikuwa nne, ndogo, na ziliuzwa duka moja tu mjini, la familia ya Kihindi, ambako mwenye duka alizishusha rafu ya juu kabisa kama dawa ya sumu. Zilipochoka, waendeshaji walififia mpaka ukawa unashindana na vivuli. Mimi nilizing'ata ubavuni zibonyee, kama kila mtu alivyofanya siku hizo ili kuzikamua nguvu ya mwisho.

"Betri si muwa," baba alisema, akaninyang'anya. Yeye alizipanga juu ya kizingiti cha dirisha, kwenye jua, akizigeuza kila baada ya muda kama mahindi ya kuchoma. Baada ya saa chache ziliamka, tukapata mbio mbili au tatu zaidi.

Kila siku nilileta habari za Korogwe, na kila siku alizipisha kama alivyompisha mkurugenzi. Mpaka alasiri moja, akiwa katikati ya kilima, akauliza bila kuniangalia:

"Wanaopewa kikombe ni wangapi vile?"

"Watatu."

"Basi sikiliza. Siku nitakayoshika nafasi ya tatu, kwa mwendo wangu, tutapanda basi wote wawili tukapunge hizo sidiria."

Tulicheka sana. Mimi nilicheka kwa sababu nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba amekataa kwa ustaarabu. Mtu wa nane haahidi kitu akiahidi nafasi ya tatu.

Ilikuwa kama siku ya kumi baada ya hapo. Niliondoka alfajiri kupanga foleni ya maji, na maji ya Handeni hayajui haraka. Niliporudi na ndoo jua lilikuwa limepanda. Baba alikuwa ameketi dirishani, amevaa suruali yake ya kazini na viatu vilivyopigwa rangi. Kimashine kilikuwa juu ya goti, kimezimwa.

"Nimeshika ya tatu," alisema.

"Ya tatu ipi?"

"Ya tatu. Kikombe nimekiona."

"Kwa mwendo wako?"

"Kwa mwendo wangu."

"Hukugusa cha kasi?"

"Sikugusa."

Nikaweka ndoo chini na kujaribu kukiwasha kimashine. Hakikuwaka, betri zilikuwa zimekwisha kabisa. Na hata zingekuwa nzima nisingeona kitu, kwa sababu kile kilikuwa hakitunzi kumbukumbu. Ukikizima, kimesahau yote.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minane na nilikuwa mzuri wa hesabu, mchanganyiko wenye hatari. Nikacheka. Nikamweleza, kwa upole kabisa, ule upole ambao baadaye nimewatumia wanafunzi wengi na ambao sasa ningependa kuwaomba radhi, kwamba haiwezekani. Wa kwanza hadi wa tatu wanatumia kitufe cha kasi. Labda aliona vibaya, alimaliza wa nane, maana kioo kikififia namba zinafanana.

"Tuzianike betri, baba. Ukishika tena nikiona kwa macho yangu, tunaondoka siku hiyo hiyo."

Alitazama viatu vyake. "Sawa," alisema.

Mchana basi la Korogwe lilipita na honi yake. Betri zilipoamka nilimkabidhi kimashine. Alisema macho yamechoka. Kesho yake pia yalikuwa yamechoka. Alivaa ndara, akarudi barazani kwenye kigoda chake, na nilipomtajia Korogwe alinijibu kuhusu mvua. Siku ya nne nikafunga begi. Kimashine nilikichukua, kwa kuwa, nilijiambia, yeye hakihitaji tena.

Mama alikuwa sokoni, amepiga magoti kwenye belo jipya.

"Yuko wapi?"

"Amekataa."

"Amekataa kwa mdomo wake?"

"Amekataa," nilisema.

Aliendelea kuchambua, mazuri kulia, ya kufutia meza kushoto. Hakuuliza tena. Wala hakwenda tena Handeni, isipokuwa kwenye msiba wa baba, mwaka jana. Hawakuachana. Walitumiana salamu na magunia, mahindi yakienda huku na shuka zikienda kule, na kila mmoja akawa anangoja mwenzake afungue mdomo. Baba aliishi nyumba ile peke yake kwa muda mrefu kuliko ule alioishi humo na mama. Kimashine mimi nilikibadilisha shuleni, kidato cha tano, nikapewa kamusi.

Kwa hiyo nilikuwa Segera, na kimashine kipya mfukoni, njiani kwenda kwa mama kuchukua ufunguo. Tumempata mwalimu wa kupanga nyumba ya Handeni, na mtu alitakiwa akaitoe mizigo. Mama, ambaye sasa anatembea kwa kushika kuta, alinipa ufunguo bila hadithi.

"Utakaa siku ngapi?"

"Siku moja inatosha."

Nilikaa nne. Mizigo ilikwisha siku ya kwanza kabla ya saa sita, mali ya mtu mmoja haichukui muda. Kwenye kopo la maziwa ya unga, pamoja na plagi kuukuu na spana, nilikuta betri nne ndogo zilizovimba, zimetoa ukungu mweupe. Mbili zilikuwa na alama za meno ubavuni. Nilijaribu kuweka meno yangu pale, kwa ajili ya uhakika. Mwalimu wa chuo kikuu, jino moja la bandia, anang'ata betri katika nyumba tupu. Yalilingana vya kutosha.

Nikavuta kigoda dirishani, nikawasha kimashine. Hiki kina taa yake, kingeonekana hata chini ya kitanda, lakini mikono ilikielekeza kwenye jua yenyewe.

Kwanza niliendesha kama baba: pole kilimani, kidole juu mteremkoni, nikipisha. Wa nane. Nikaacha kupisha: wa saba. Nikaacha kuachia mafuta mteremkoni, nikamwomba radhi: wa sita. Siku ya pili nilichora jedwali. Niliandika kila kilima, kila tope, njia ipi kati ya nne, pembe ya kutua baada ya kuruka. Ninaishi peke yangu, kwa hiyo hakuna aliyepiga simu kuuliza niko wapi, na hilo lilinipa nafasi nzuri ya kitaaluma. Niligundua kwamba mpinzani akigonga gurudumu lako la nyuma anaanguka yeye, na nikawaangusha wawili kwa kukaa tu kwenye njia yangu. Wa tano. Siku ya tatu, bila kosa lolote, bila kuteleza, vidole vimekufa ganzi, nikapata wa nne.

Wa nne, tena wa nne, tena wa nne. Wa tatu alikuwa mbele yangu kwa upana wa kidole, mbio baada ya mbio, kwa sababu hakuwa mtu, haanguki, hachoki, hakumbuki. Watatu wale wamepangiwa muda wao ndani ya kimashine, na muda wa wa tatu ni mfupi kuliko ule ambao kitufe cha kawaida kinaweza kukupa hata ukiendesha kama malaika. Nilihakikisha kwa saa. Asubuhi ya nne nikahakikisha tena.

Haiwezekani. Nilikuwa na haki.

Nilikizima na kubaki pale kwenye kigoda, jua likihama. Nilikuwa nimelipata jibu nililoliombea, nikangoja lifanye kazi yake. Badala yake niliona viatu. Viatu vilivyopigwa rangi asubuhi, suruali ya kazini, siku ya basi. Hakuna mtu anayevaa viatu kwa ajili ya kucheza gemu.

Mtu ambaye hakuwahi kuongeza kilomita moja kwenye daftari la serikali alikaa dirishani na kuniongezea nafasi nne au tano, akangoja nirudi na maji. Alishaahidi kwa mzaha, na mzaha ulikuwa umemfungia njia. Hakuweza kusema "nimebadili mawazo, twende." Ilibidi kwanza ashinde. Alichohitaji kwangu ni neno moja, "hongera," na basi lilikuwa linakuja. Mimi nikaomba ushahidi.

Nilirudi Korogwe jioni hiyo kabla jua halijazama. Mama alikuwa kitandani, mlango wazi, redio chini. Nikampa ufunguo. Kisha nikamweleza yote, ahadi, viatu, betri, nafasi ya tatu isiyokuwepo, na lile neno nililomletea sokoni.

Halafu akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anakuja?"

"Alikuwa anakuja, mama."

"Na wewe ukaniambia amekataa."

"Ndiyo."

"Mzigua huyu," alisema, na hakuwa akisema na mimi. "Mwanamume mzima, anadanganya kwa pikipiki ya kuchora. Si angesema tu." Akajipangusa uso kwa pembe ya kanga. "Na wewe si ungesikia tu."

Nilingoja anifukuze, na nadhani ningeondoka kwa nafuu. Lakini alinyoosha mkono.

"Hicho kidude kiko wapi? Nionyeshe alivyokuwa anafanya."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikawasha. Mama hana macho mazuri, akakisogeza mpaka karibu na pua, akinishika kifundo cha mkono.

"Ni yupi?"

"Yule wa nyuma."

"Mbona wanampita?"

"Anawapisha."

Nilipanda kilima pole pole. Kwenye mteremko niliondoa kidole, pikipiki ikaserereka. Mkurugenzi alipita. Wengine walikuwa wameshafika na vikombe vyao vimeshachorwa, na sisi tulikuwa bado njiani, barabara nzima ni yetu. Kidole changu kilijongea chenyewe kwenye kitufe cha kasi, ili tumalize.

Mama alikipiga kibao.

"Usimharakishe," alisema.